Wanyonya damu: Kutoka ngojama wa Mto Tana hadi filamu za bei nafuu

FILAMU ya mnyonya damu ni sinema inayomhusu kiumbe mwenye umbo la binadamu ambaye huishi kwa kufyonza damu ya watu. Inapotengenezwa kwa fedha kidogo, aghalabu huchanganya mambo matatu: kutisha, kuchekesha na mapigano. Mchanganyiko huo ndio uliozoeleka katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1990.

Wapo wanaodhani kwamba kiumbe huyo aliletwa na sinema za Wazungu, akiwa amevaa joho jeusi na kulala ndani ya jeneza. Dhana hiyo si sahihi. Katika vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, masimulizi ya Wapokomo yana mnyonya damu wao wenyewe. Jina lake ni ngojama.

Makala haya yanaeleza ngojama ni nani, jinsi hofu ya wanyonya damu ilivyoenea nchini na katika nchi jirani, namna hofu hiyo ilivyogeuzwa kuwa filamu, na sababu inayofanya watu wa Garsen na viunga vyake kuhitaji kutofautisha zimwi linalochekwa na zimwi linaloaminiwa.

Garsen na mto wake

Garsen ni mji mdogo katika Kaunti ya Tana River, karibu na makutano ya barabara zinazotoka Malindi, Garissa na Lamu. Makao makuu ya kaunti yako Hola, upande wa kaskazini. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti nzima ilikuwa na watu 315,943.

Mto Tana ndio mrefu zaidi nchini Kenya. Huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000 na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kusini mwa Garsen mto hutawanyika na kuwa delta yenye vinamasi, maziwa madogo, mikoko na nyanda za malisho. Delta hiyo iliorodheshwa mwaka wa 2012 miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Wapokomo ni wakulima na wavuvi wa kingo za mto. Waorma na Wardei ni wafugaji. Wapo pia Wagiriama, Wasanye ambao pia huitwa Wata, na jamii nyinginezo. Kaskazini mwa Garsen kuna msitu wa kingo za mto uliotengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1976 ili kulinda aina mbili za tumbili wasiopatikana kwingine duniani.

Mto huo una mamba na viboko. Anayekwenda kuteka maji alfajiri, au anayevuka kwa mtumbwi wakati wa mafuriko, hahitaji kufundishwa maana ya kuviziwa. Ni katika mandhari hayo ambapo ngojama alizaliwa.

Ngojama ni nani?

Maelezo ya ngojama yaliyohifadhiwa vitabuni yanapatikana katika maandishi ya Alice Werner, msomi wa Kiingereza aliyezuru pwani ya Kenya na bonde la Tana kati ya 1911 na 1913, kisha akafundisha Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu jijini London. Kitabu chake kuhusu visasili na hekaya za Wabantu kilichapishwa mwaka wa 1933.

Kwa mujibu wa Werner, Wapokomo walimweleza ngojama kuwa kiumbe mwenye umbo la mtu, isipokuwa katika kiganja cha mkono wake ana ukucha ambao msimuliaji wake aliuita msumari wa chuma. Akimkamata binadamu humchoma kwa msumari huo, kisha hunywa damu yake.

Ngojama anatofautiana na mnyonya damu wa Ulaya kwa mambo kadhaa. Silaha yake iko mkononi wala si mdomoni, hivyo hana haja ya chonge ndefu. Hana jeneza, hana kasri, wala si maiti iliyofufuka. Ni kiumbe wa msituni, wa ukoo mmoja na zimwi wa ngano za Waswahili na majitu mengine yanayokula watu katika masimulizi ya Wabantu.

Hofu ya mnyama anayekuja kula watu imo hata katika nyimbo za Wapokomo za kubembelezea watoto. Lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya, ulioandaliwa kwa ajili ya uhuru mwaka wa 1963, ilitokana na wimbo mmoja wa aina hiyo. Maneno yake ya asili humwita mnyama aje amle mtoto asiyetaka kunyamaza. Mama anayeuimba hamaanishi asemayo, na mtoto akikua hutambua kuwa alikuwa akitaniwa. Kutisha na kutania vimekaa pamoja katika malezi tangu kale.

Mumiani na wazimamoto

Kando na zimwi wa msituni, pwani na bara zilimjua mnyonya damu wa pili ambaye alikuwa mtu kamili: mumiani.

Neno mumiani lina asili ya Kiajemi na lilitaja kwanza dawa nyeusi kama utomvu iliyotumiwa kutibu mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Neno hilohilo ndilo lililozaa jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka wa 1939 ilieleza kwamba dawa hiyo ilisemekana kutoka Uajemi, lakini watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa, iliyotolewa kwa watu waliouawa kwa kusudi hilo. Baadaye jina la dawa likawa jina la muuaji.

Wakati wa ukoloni, uvumi huo ulipata sura mpya. Nchini Kenya, Uganda na Tanganyika watu walinong'onezana kwamba wazimamoto, wakiwa na magari yao mekundu, huwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapisha katika kitabu mwaka wa 2000. Alionyesha kwamba waliosimulia habari hizo hawakuwa wajinga. Walikuwa wakizungumzia, kwa lugha yao, utawala ulioingia kila mahali bila kuombwa.

Uvumi huo ulikuwa na mashiko kwa waliousikia. Maafisa wa afya wa serikali ya kikoloni walipita vijijini wakichoma watu sindano na kuchukua damu ya kupima ugonjwa wa malale, bila kueleza wanakoipeleka. Magari yalionekana usiku na waliokamatwa hawakujulikana walikopelekwa.

Mwaka wa 1947 umati ulishambulia kituo cha wazimamoto mjini Mombasa kwa sababu ya uvumi wa aina hiyo. Mwaka wa 1959 gazeti moja la Tanganyika lililazimika kuchapisha habari ya kuwahakikishia wasomaji kwamba wazimamoto hawanunui watu.

Mwaka huohuo wa 1959, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 waliozuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Serikali iliyotoa taarifa kama hiyo haikuwa na haki ya kushangaa wananchi walipoamini habari za mumiani.

Kutoka Ujerumani hadi Hong Kong

Sinema ilimpokea mnyonya damu mapema. Mwaka wa 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza "Nosferatu", akitumia kisa cha riwaya ya "Dracula" ya Bram Stoker iliyochapishwa 1897, bila idhini. Mjane wa Stoker alishtaki na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Chache zilinusurika, na ndizo zinazotazamwa hadi leo.

Filamu hiyo ndiyo iliyoleta wazo kwamba mwangaza wa jua humwangamiza mnyonya damu. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea mchana. Kanuni ambayo watazamaji huiona kuwa ya kale sana kumbe ilibuniwa na watu wa sinema waliotaka mwisho mzuri.

Mnyonya damu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kupata umaarufu katika sinema ya Marekani alitokea mwaka wa 1972 katika "Blacula", filamu ya gharama ndogo iliyoelekezwa na William Crain. Mwigizaji William Marshall alikuwa mwanamfalme wa Kiafrika aliyekwenda Ulaya kumwomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya watumwa. Dracula alimcheka, akamng'ata na kumfungia ndani ya jeneza. Chini ya vitisho na vichekesho vya filamu hiyo mna kisa cha kweli cha waliofyonzwa na waliowafyonza.

Mchanganyiko kamili wa kutisha, kuchekesha na mapigano ulitoka Hong Kong. "Mr. Vampire" ya mwaka wa 1985 ilimwonyesha mwigizaji Lam Ching-ying akiwa kuhani anayepambana na maiti zinazoruka-ruka kwa miguu iliyofungamana. Maiti hao humtambua binadamu kwa pumzi yake, hivyo anayetaka kusalimika hubana pumzi. Mtazamaji naye hujikuta akibana pumzi, kisha mwanafunzi mmoja mzembe wa kuhani hukosea na ukumbi wote huangua kicheko. Mara moja mateke na ngumi huanza.

Ufundi huo ulihitaji unga wa kupaka usoni, mavazi ya kale na watu wenye viungo vyepesi. Haukuhitaji mamilioni. Ndiyo maana uliwafaa watengenezaji wa filamu wa nchi zenye uchumi mdogo kuliko ulivyowafaa wengine. Marekani ilipoleta "Blade" mwaka wa 1998, Wesley Snipes akiwa mwindaji wa wanyonya damu, mapigano yalibaki lakini gharama ilikuwa imepanda mno.

Vibanda, wafasiri na filamu za nyumbani

Afrika Mashariki ilizipokea sinema hizo kupitia kanda za video. Chumba chenye viti vya mbao, runinga moja na jenereta kilitosha kuwa ukumbi. Kwa kuwa watazamaji wengi hawakufahamu lugha za filamu hizo, alitokea mfasiri aliyesimulia kwa sauti yake.

Nchini Tanzania, Derek Mukandala alijulikana kwa jina la Lufufu kutokana na kazi hiyo. Uganda ina wafasiri wengi wanaofahamika kwa jina la VJ. Kenya ilimpata DJ Afro, ambaye huzisimulia filamu za Marekani, India na China kwa Kiswahili na Sheng.

Wafasiri hao hawatafsiri tu. Humpa shujaa jina la mtaani, humdhihaki adui, na mahali pa kutisha hutia mzaha. Zimwi linapotokeza nyuma ya mlango, sauti ya mfasiri humwonya mhusika kama jirani anavyomwonya jirani. Kwa njia hiyo, filamu iliyokusudiwa kutisha tu huwa pia ya kuchekesha, na mtazamaji wa Afrika Mashariki akazoea kuvipata vyote viwili kwa pamoja.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, jijini Dar es Salaam, mwelekezi Mussa Banzi alitengeneza "Nsyuka" na "Shumileta", ambazo ni miongoni mwa filamu za kutisha za mwanzo zilizovuma katika tasnia ya Tanzania. Jina la kwanza limetoka katika Kinyakyusa, na la pili ni la jini wa kike. Filamu hizo ziliiga mengi kutoka Nigeria, lakini mizuka yake ilikuwa ya nyumbani, na mazungumzo yake yalikuwa ya Kiswahili.

Nchini Uganda, Isaac Nabwana alianzisha studio katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Filamu yake "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka wa 2010, inayosemekana kugharimu dola 200 za Marekani, ilijulikana duniani kupitia intaneti. Si filamu ya wanyonya damu, bali ya makomando. Hata hivyo ndiyo mfano bora wa jinsi mapigano na vichekesho vinavyoweza kuendeshwa bila fedha, huku sauti ya mfasiri, VJ Emmie, ikiwa sehemu ya filamu yenyewe.

Namna filamu ya bei nafuu inavyotengenezwa

Jambo la kwanza katika filamu ya mnyonya damu ni damu. Wakaliga walianza kwa kutumia damu ya ng'ombe, wakaacha baada ya mwigizaji kuugua. Walitumia badala yake rangi ya chakula, wakaitia ndani ya mipira ya kondomu iliyobandikwa kifuani na kufungwa uzi wa kuvulia samaki. Mwigizaji anapopigwa risasi, uzi huvutwa na mpira hupasuka.

Funzo hilo lina uzito zaidi katika Tana River. Homa ya Bonde la Ufa iliyozuka mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 iliua zaidi ya watu 150 nchini, na Tana River ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Damu mbichi ya mifugo ni mojawapo ya njia za maambukizi. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ya kuitia weusi vinatosha, na mwigizaji anaweza kuimeza bila madhara.

Jambo la pili ni giza. Kamera za bei ya chini hazioni vizuri usiku, na taa kubwa huhitaji jenereta ambalo kelele zake huharibu sauti. Watengenezaji wengi hupiga picha za usiku jua linapotua au kabla halijachomoza, kisha huzitia weusi wakati wa kuhariri. Garsen iko karibu na ikweta, takriban nyuzi mbili tu kusini, hivyo machweo yake ni mafupi mno. Asiyekuwa amepanga kila kitu kufikia saa kumi na mbili jioni atalipoteza giza lake la bandia na kubaki na giza la kweli.

La tatu ni sauti, na hapa ndipo filamu nyingi za bei nafuu huanguka. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini havumilii mazungumzo yasiyosikika. Upepo wa delta huvuma kwenye kinasa sauti kama bahari. Tiba yake ni kukifunika kwa kitambaa kizito na kukiweka karibu na mwigizaji, au kurekodi mazungumzo upya chumbani.

La nne ni mandhari, na hapa Tana River ni tajiri. Mikoko, mitumbwi, mashamba ya mpunga, miembe ya zamani na nyanda zilizofurika havihitaji kujengwa. Vinahitaji tahadhari. Mamba hatofautishi mwigizaji na mteka maji. Mafuriko kama yale ya El Niño ya 1997 na ya mwishoni mwa 2023 hukata barabara na kuwaacha watu bila chakula wala njia.

La mwisho ni sheria. Filamu nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na kabla ya kuonyeshwa hadharani hukaguliwa na Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ambayo hutenga zile za watu wote, za watoto walio na mwongozo wa mzazi, za waliotimiza miaka 16 na za waliotimiza 18. Anayepiga picha ndani ya hifadhi ya wanyama huhitaji idhini ya wasimamizi wake. Anayepiga usiku ni sharti awafahamishe maafisa wa usalama na wazee wa kijiji, maana watu wenye mapanga ya mbao na damu nguoni huweza kueleweka vibaya.

Vilevile kuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo huzipa jamii haki juu ya masimulizi na sanaa zao za jadi, na huwataka wanaotaka kuyatumia kibiashara kupata ridhaa yao. Ngojama hana mjane wa kwenda mahakamani kama Stoker, lakini ana wenyewe.

Kwa nini watu hucheka?

Kutisha na kuchekesha hutumia mbinu moja: kumfanya mtazamaji angoje. Mlango unafunguka polepole, muziki unanyamaza, mkono unatokeza. Ukiwa ni mkono wa zimwi, watu hupiga kelele. Ukiwa ni mkono wa bibi anayetafuta kuku wake, watu hucheka. Mtengenezaji hodari huwapa bibi kwanza, na pindi wanapocheka huwaletea zimwi.

Mapigano nayo huja kutuliza kungoja huko. Hofu iliyomkaza mtazamaji inapata njia ya kutokea anapomwona mnyonge akirudisha kipigo.

Kwa mtazamo huo, ngojama ni mhusika aliyekamilika kabla hata ya kuandikiwa mswada. Msumari ulio kiganjani humtisha kila mtu, lakini pia humtaabisha mwenyewe. Mwenye msumari kiganjani hawezi kula ugali kwa mkono, kupiga makofi arusini wala kumsalimu mtu bila kujulikana. Akimkosa mwathiriwa na kuupiga mti, msumari unaweza kunasa. Hapo mwindaji huwa mwindwa, na aliyekuwa akikimbia anapata nafasi ya kurudi na mwiko wa kusongea ugali. Kitisho, kicheko na pigano vimo katika kiungo kimoja cha mwili.

Zimwi linaloaminiwa

Upande wa pili wa jambo hili haucheki mtu. Uvumi kuhusu wanyonya damu na mizuka umewahi kuua.

Mwaka wa 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo kadhaa, visiwa vya Pemba na Unguja vilikumbwa na hofu ya popobawa, mzuka uliosemekana kuwashambulia watu usiku vitandani mwao. Familia zililala nje kwa makundi. Katika taharuki hiyo, mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye mzuka.

Mwaka wa 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha makundi ya watu kuwaua waliowashuku. Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Nchini Kenya, wazee katika baadhi ya sehemu za pwani wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi, mara nyingine chanzo halisi kikiwa ni urithi wa shamba.

Hata popo, ambaye sinema imempaka tope, hana hatia. Popo wanaokunywa damu ni wa aina tatu tu duniani, na wote wanaishi bara la Amerika. Popo wa Tana hula matunda na wadudu. Mnyonya damu wa kuogopwa katika delta ni mbu, anayeeneza malaria na Homa ya Bonde la Ufa, na dawa yake ni chandarua.

Tana Delta ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa kilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi kati ya Wapokomo na Waorma yaliendelea hadi mwanzoni mwa 2013, na jumla ya waliokufa ikapita 100. Chanzo kilikuwa mvutano wa muda mrefu kuhusu ardhi, malisho na njia za kufikia maji ya mto, uliochochewa na siasa za kuelekea uchaguzi.

Katika eneo lenye kumbukumbu kama hiyo, swali la nani atavikwa chonge si dogo. Zimwi likivikwa kikoi cha jamii moja na kupewa lafudhi yake, filamu huacha kuwa mzaha na kuwa shutuma. Likimwendea mfugaji na mkulima bila kubagua, likawalazimu kushika mwiko na fimbo kwa pamoja, filamu hiyohiyo huwa kisa cha majirani wanaookoana.

Tofauti kati ya filamu na uvumi iko hapa. Filamu humwonyesha mtazamaji zimwi, kisha humwonyesha majina ya waliolitengeneza: nani aliyechanganya damu, nani aliyechonga msumari, nani aliyevaa kinyago. Uvumi hauna orodha ya majina mwishoni. Haujulikani aliyeutunga, na hivyo hakuna wa kumuuliza.

Hiyo ndiyo thamani ya filamu ya mnyonya damu ya bei nafuu, hata pale kinyago chake kinapobanduka na damu yake kunukia kakao. Mtoto aliyemwona ngojama akinasa kwenye mwembe na kupigwa mwiko hana budi kucheka, na aliyemcheka zimwi mara moja ni vigumu kumshawishi kwamba jirani yake ni zimwi.